Mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto kujitegemea: mkabidhi kazi nzima, si nusu

Mtoto wa miaka 9 anajua kuoga, kupiga mswaki, kupanga begi la shule na kukunja nguo zake. Muulize mzazi wake kama mtoto huyo anajitegemea, atashusha pumzi: "Anajua kila kitu, ila mpaka aambiwe." Na aambiwe tena. Na tena, kwa sauti iliyopanda.

Mara nyingi tatizo hapo si uvivu wala ukaidi. Kila kazi ina sehemu tatu: kukumbuka kwamba inatakiwa kufanywa, kuifanya, na kuikagua kama imekwisha sawasawa. Wazazi tunafundisha ile ya katikati kwa bidii kubwa, halafu ya kwanza na ya tatu tunabaki nazo wenyewe. Mtoto anakua akiwa na mikono ya kazi, huku kichwa cha kazi kikiwa chetu. Siku akiondoka nyumbani, mikono anaondoka nayo, kichwa kinabaki.

Hatua zilizoko hapa chini zinafuata utaratibu mmoja, na unafaa kwa mtoto wa miaka 2 anayejifunza kuvua soksi sawa na kwa kijana wa miaka 16 anayejifunza kuendesha nyumba wiki nzima. Kinachobadilika ni ukubwa wa kazi tu.

Hatua ya 1: Anza na kazi moja

Usitangaze mapinduzi ya nyumba nzima Jumatatu asubuhi. Chagua kazi moja yenye sifa tatu: inajirudia kila siku, ina mwisho unaoonekana kwa macho, na ikiharibika hakuna atakayeumia. Kuvaa viatu inafaa. Kuweka nguo chafu kwenye kapu inafaa. "Kuwa msafi" haifai, maana haina mwisho. Mtoto atajuaje kwamba sasa amemaliza kuwa msafi?

Ukiweza, chagua ile ambayo mtoto mwenyewe ameshaanza kuing'ang'ania. Watoto wadogo wana hamu ya kushiriki kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello waliwaweka watoto wa miezi 18 mbele ya mtu mzima aliyedondosha kitu akashindwa kukifikia, au aliyejaza vitu mikononi akashindwa kufungua kabati. Wengi wa watoto hao walikwenda kumsaidia, bila kuombwa na bila kuahidiwa chochote. Mwaka 2008 wakaja na jaribio lingine kwa watoto wa miezi 20. Safari hii waliozoeshwa kupewa zawadi kila wanaposaidia ndio waliopunguza kusaidia baadaye, wakazidiwa na wale ambao hawakupewa kitu.

Kwa hiyo ukijiuliza kama umlipe mtoto kwa kutandika kitanda chake, jibu langu ni hapana. Kitanda ni chake.

Hatua ya 2: Panga nyumba kabla ya kumpanga mtoto

Nusu ya mambo tunayosema mtoto hayawezi, hayawezi kwa sababu ya urefu wa rafu. Koti liko kwenye ndoano ya mita moja na nusu, mswaki uko juu ya sinki asilolifikia, nguo ziko kwenye droo nzito ya juu. Maria Montessori alilichukulia suala hili kwa uzito baada ya kufungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Rome mwaka 1907: badala ya kuwalazimisha watoto wazoee samani za wakubwa, alitengenezesha meza na viti vyepesi ambavyo mtoto mwenyewe anaweza kuvibeba.

Nyumbani huhitaji fundi. Pigilia ndoano moja chini, usawa wa bega la mtoto. Tafuta kigoda imara cha kupandia kwenye sinki, kisichoteleza. Viatu vyake vikae kwenye boksi karibu na mlango. Jagi lake la maji liwe dogo, na ulijaze robo tu, ili likimwagika kazi iwe ya kitambaa kimoja. Na kitambaa chenyewe kikae mahali anapokifikia, kwa sababu kufuta alichomwaga ni sehemu ya kazi ya kumimina.

Punguza na uchaguzi. Mtoto wa miaka 3 akiulizwa "Unataka kuvaa nini?" mbele ya kabati zima atachagua vazi la sherehe, au atalia. Mwonyeshe nguo mbili, zote zinakufaa, achague moja.

Wakati huohuo pandisha juu vitu vingine: dawa, sabuni kali na kemikali za usafi, kiberiti, visu vyenye makali. Ndoo na beseni za maji zimwagwe baada ya matumizi, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Nyumba iliyopangwa hivi inakupunguzia kusema "acha, usiguse", na hilo peke yake litabadilisha mazungumzo ya siku nzima.

Hatua ya 3: Vunja kazi, kisha ianze mwishoni

Fanya kazi hiyo mwenyewe polepole, ukihesabu vitendo. Utashangaa. Kuvaa shati lenye vifungo, kwa mfano, ni kulitambua mbele na nyuma, kuingiza mkono wa kwanza, kuuvuta mgongo wa shati ufike upande wa pili, kuutafuta mkono wa pili bila kuuona, kuweka ncha za chini sawa, halafu ndipo vifungo vianze. Mtoto anayesema "siwezi" kwa kawaida amekwama kwenye kitendo kimoja tu kati ya hivyo, tena huwa ni ule mkono wa pili.

Njia ya kuaminika, inayotumiwa sana na wataalamu wanaowafundisha watoto stadi za kila siku, ni kuanzia kitendo cha mwisho. Mfanyie vyote isipokuwa cha mwisho, hicho amalize yeye. Kwenye suruali, mvalishe hadi magotini, aipandishe yeye kiunoni. Akishazoea, ishia vifundoni. Kisha mguu mmoja. Kisha iweke tu kitandani, mbele ikitazama juu. Faida yake ni kwamba kila jaribio linaishia kwenye ushindi wake yeye. Ukianzia mwanzo, mtoto anahangaika na mguu wa kwanza, anachoka, na anayemalizia ni wewe. Anachokumbuka ni kwamba kazi hii humalizwa na mama.

Kuvua huja kabla ya kuvaa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuvuta soksi ikatoka, ila kuivaa kutachukua muda mrefu zaidi. Kwa vifungo, anza na kikubwa, tena cha chini kabisa ya shati, maana hicho anakiona. Cha shingoni hakioni kabisa na anakipapasa tu. Mwambie asukume ukingo wa kifungo kwenye tundu hadi "kichungulie", kisha mkono wa upande wa pili ukivute. Mfundishe shati likiwa mezani kwanza, halafu mwilini. Kamba za viatu huwaelea wengi wakiwa na miaka 5 au 6, na mazoezi yake ni ya siku za mapumziko, kiatu kikiwa mapajani. Asubuhi za shule mvalishe viatu visivyo na kamba, usigombane na mtu.

Hatua ya 4: Toa mkono kidogo kidogo

David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walipoandika mwaka 1976 kuhusu namna mtu mzima anavyomsaidia mtoto kutatua tatizo, waliufananisha msaada huo na jukwaa la wajenzi: linasimama wakati ukuta unapanda, na huondolewa ukuta ukishakauka. Wazazi ni hodari wa kusimamisha jukwaa. Kuliondoa ndiko kunakotushinda.

Mtoto akikwama, msaidie kwa kuanzia msaada mdogo kabisa. Kwanza kaa kimya, uhesabu moyoni hadi kumi. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri, na watoto wengi hujinasua wakiachwa nao. Asipojinasua, uliza: "Sasa inafuata nini?" Bado? Elekeza kwa kidole, bila kusema. Bado? Mwambie kitendo kimoja kwa maneno machache. Mkono wako uje mwisho, ufanye kitendo hicho kimoja, kisha urudi nyuma. Tabia yetu ya kawaida ni kuanza na mkono, na mtoto anajifunza haraka kwamba akisimama tu dakika moja akilegeza mabega, mkono utakuja.

Kuna tofauti kati ya kukwama na kuzidiwa. Aliyekwama bado anatazama kazi, anajaribu hivi na vile, labda analalamika. Aliyezidiwa ameshaacha kuitazama. Analia, anarusha, anajitupa chini. Wa pili msaidie upesi bila mahubiri, na kesho punguza ukubwa wa kazi. Labda alikuwa na njaa au usingizi, wala si zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Kabidhi kukumbuka

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi tunapoachia njiani. Mtoto anaweza kufanya, lakini kengele ni mdomo wako. Ili uukabidhi ukumbusho, lazima kwanza uuhamishe kutoka mdomoni mwako kwenda kwenye kitu kingine.

Kitu hicho kinaweza kuwa mfuatano wa kudumu. "Begi hupangwa baada ya chakula cha jioni, kabla ya kuoga" ni bora kuliko "panga begi jioni", kwa sababu chakula chenyewe kinamkumbusha. Kinaweza kuwa picha: mtoto asiyejua kusoma huchora mwenyewe mswaki, shati, viatu, begi, na karatasi ikabandikwa mlangoni usawa wa macho yake. Kwa mkubwa inaweza kuwa saa ya kengele, orodha aliyoiandika kwa mkono wake, au kalenda. Muhimu ni kwamba amekitengeneza yeye. Orodha uliyoichapa wewe na kuibandika wewe, itabidi pia uisome wewe.

Kisha badilisha lugha. Tazama mazungumzo haya ya jioni, mtoto wa darasa la tatu:

"Mama, nimemaliza."
"Umeitazama karatasi yako?"
Anakwenda mlangoni, anasimama. "Aah. Daftari la hesabu."
"Haya."
"Liko wapi?"
"Ulilitumia wapi mara ya mwisho?"
Kimya. "Kwenye kiti." Anakwenda.

Mama hapo anajua daftari lilipo. Analiona kutoka alipokaa. Hakusema. Alichofanya ni kumrudisha mtoto kwenye kikumbusho chake, kisha kwenye kumbukumbu yake mwenyewe. Baada ya majuma kadhaa, swali la kwanza nalo linaondoka, na mama anabaki na kazi ya kusikia neno "nimemaliza" na kuliamini.

Itafika siku asahau. Mweleze mapema, siku ya amani, kwamba ukumbusho sasa ni wake na kwamba hutakimbilia shuleni na daftari. Mwambie mwalimu pia, asije akadhani mtoto ametelekezwa. Siku ikifika, usimwimbie "nilikwambia". Muulize jioni: "Kesho utafanyaje isijirudie?" Akijibu "sijui", mpe mawazo mawili achague.

Tuna methali ya kwamba mtoto akililia wembe mpe. Mimi siifuati kwa herufi. Matokeo humfundisha mtoto pale tu yanapokuwa madogo, ya karibu, na yanayohusiana na kosa. Amesahau koti, atahisi baridi akiwa njiani: hilo linafundisha. Amesahau dawa yake ya pumu: hapo hakuna somo, kuna hatari, kwa hiyo ukumbusho wa dawa unabaki kwako muda mrefu na unakabidhiwa polepole sana. Vivyo hivyo kwa barabara, moto, maji na umeme.

Hatua ya 6: Kabidhi ukaguzi

Hakuna kinachoua moyo wa mtoto upesi kama kuona mzazi akirudia kazi aliyoimaliza. Kitanda kimetandikwa kwa mikunjo, na mama anapita akikinyoosha. Mtoto haambiwi neno, lakini ameambiwa. Ama uache mikunjo, ama ukubaliane naye tangu mwanzo "kimekwisha" maana yake nini.

Makubaliano hayo yawe ya kuonekana na kugusika. Kikombe kilichooshwa vizuri: ukipitisha kidole ndani hakitelezi, hakina harufu, hakina povu, kimepinduliwa. Mambo manne, na mtoto wa miaka 6 anaweza kuyapima yote bila wewe kuwepo. Akikuletea kikombe akiuliza "Mama, kimetakata?", mrudishie swali: "Kidole kinasemaje?" Ataona unamtania, lakini atapitisha kidole.

Sifa nazo zielekeze kwenye alichokifanya. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walielekea kuchagua maswali mepesi na kukata tamaa walipokutana na magumu, tofauti na waliosifiwa kwa juhudi. Badala ya "wewe hodari sana", sema ulichokiona: "Umerudi kusuuza ulipoona povu." Sentensi kama hiyo inamwonyesha mtoto kwamba jicho lake la ukaguzi limefanya kazi.

Nini kwa umri gani

Umri ni makadirio tu. Watoto hutofautiana, na mtoto aliyechelewa kitu kimoja huwahi kingine.

Kati ya mwaka 1 na miaka 3 mtoto anapigania neno moja: mwenyewe. Erik Erikson, katika nadharia yake ya ukuaji aliyoichapisha mwaka 1950, aliona kwamba mgogoro wa umri huu ni kati ya kujiamulia na kuona aibu. Mpe nafasi ya kula mwenyewe, kuvua nguo, kurudisha vitu vya kuchezea mahali pake, kunawa mikono. Atachelewesha kila kitu. Anzeni siku dakika 15 mapema, ni nafuu kuliko kugombana.

Miaka 3 hadi 6: kuvaa, kujisafisha chooni, kupanga meza, kukunja taulo, kumwagilia mimea. Mswaki apige yeye, lakini umalizie wewe hadi afikie kama miaka 7 au 8. Mkono wake bado haufiki meno ya nyuma ipasavyo. Afahamu jina lake kamili, majina ya wazazi, na namba moja ya simu kwa kichwa. Afundishwe akipotea asimame palepale alipo na amwombe msaada mfanyakazi wa mahali hapo au mama mwenye watoto. Na pamoja na kujiogesha huja haki ya mwili wake: nani anaruhusiwa kumgusa, wakati gani, na kwamba hakuna siri ya kuguswa anayotakiwa kuitunza.

Miaka 6 hadi 10 ni umri wa jikoni na barabarani, nitaukalia zaidi.

Jikoni anza na vitu baridi: kupaka, kuchanganya, kupima kwa kikombe, kukata tunda laini kwa kisu butu cha mezani. Mfundishe mkono unaoshika ukunje vidole, kucha zikitazama ndani, na ubao uwekewe kitambaa kibichi chini usiteleze. Makali yaongezeke kadiri mkono unavyotulia. Moto uje baadaye, na uje wewe ukiwa umesimama pembeni: mikono ya sufuria igeuzwe ndani, mikono ya nguo ikunjwe juu, mfuniko ufunguliwe kuelekea upande wa mbali na uso. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi yanaweza kuunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Kwa hiyo kubeba sufuria ya maji yanayochemka ndiyo kazi ya mwisho kabisa kukabidhiwa, hata kama kupika ameshajua.

Barabarani, kushikana mikono na kusema "tazama kushoto, tazama kulia" hakutoshi, maana anayeamua bado ni wewe. Geuza: mwambie, "Leo nivushe wewe." Simama hatua moja nyuma yake, karibu kiasi cha kumdaka, ufuate uamuzi wake isipokuwa ukiona hatari. Mwache aseme kwa sauti anachokiona: "Lile gari liko mbali. Hapana, linakuja kasi. Tusubiri." Utagundua anachokijua na asichokijua zaidi kwa siku moja kuliko kwa mwaka wa kumshika mkono. Watoto walio chini ya miaka 10 hivi kwa kawaida hukosea kukadiria kasi na umbali wa gari, hivyo barabara zenye shughuli nyingi zisubiri, hata kama yeye anaapa yuko tayari. Safari ya kwanza ya peke yake iwe fupi, ya njia mliyoipita pamoja mara nyingi, na awe ameshakueleza angefanya nini mvua ikinyesha, njia ikifungwa, au mtu asiyemjua akimwita kwa jina.

Miaka 9 hadi 12, ongeza pesa. Mpe kiasi kidogo kisichobadilika, siku ileile kila wiki, na kubalianeni kinagharimia nini. Kikiisha Jumanne, kimeisha hadi siku yake. Kumwongezea katikati ni kuchukua tena kichwa cha kazi. Asiulizwe kila senti ilikwenda wapi. Akinunua kitu cha hovyo kikavunjika siku ya pili, amejifunza kwa bei ndogo kuliko atakavyolipa akiwa na mshahara. Kwenye umri huu pia afue nguo zake, apike chakula kimoja kamili, na apange mwenyewe muda wa masomo, ukikagua mara moja kwa wiki badala ya kila jioni.

Kumwacha nyumbani peke yake hakuna umri mmoja unaofaa wote, na baadhi ya nchi zina sheria zake. Anza na nusu saa ya mchana, ukiwa jirani.

Kijana: toa maamuzi, si kazi tu

Mwenye miaka 13 na kuendelea kazi za mikono anaziweza zote. Kilichobaki ni kuamua. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Baadhi ya wazazi wakilisikia hilo hukaza kamba. Mimi naona kinyume chake: mwache aamue sasa, akiwa bado analala chumba cha jirani na makosa yake bado madogo.

Kwa daktari, aeleze yeye kwanza anavyoumwa, wewe ujazilize. Barua ya maombi aiandike yeye, uisome tu akikuomba. Mtafutie wiki moja ya likizo aendeshe nyumba: bajeti ya chakula mkononi, orodha ya manunuzi yake, milo yake, zamu za usafi azipange yeye, na wewe uwe mtu wa kupangiwa zamu. Ukiona Alhamisi pesa zinakwenda kuisha, nyamaza. Ijumaa mtakula kilichopo.

Kuhusu kutoka, kubalianeni mambo matatu kabla hajafika mlangoni: anakwenda wapi, yuko na nani, anarudi saa ngapi. Uhuru uongezeke kwa rekodi, si kwa kelele. Aliyerudi kwa wakati mfululizo anapata saa moja zaidi bila kuomba. Ongeza ahadi moja ya upande wako: akijikuta mahali pabaya, apige simu saa yoyote, utakwenda kumchukua, na maswali yatasubiri kesho. Ahadi hiyo uitimize kikamilifu mara ya kwanza itakapotumika, hata kama ndani unachemka. Hakutakuwa na mara ya pili ukishindwa.

Yanayokwamisha

Haraka ndiyo adui nambari moja. Huwezi kufundisha ukiwa na dakika tano, kwa hiyo kazi mpya isianze asubuhi ya shule wala siku ya safari.

Mlezi mwenzako anayemfanyia kila kitu ni wa pili. Usimhutubie. Mwambie kazi moja tu ambayo sasa ni ya mtoto, na umwonyeshe mtoto akiifanya. Bibi aliyeona mjukuu anajifunga viatu huwa mtangazaji wake mkubwa.

Mtoto atarudi nyuma akiugua, mkihama, au akizaliwa mdogo wake. Msaidie bila kumkumbusha kwamba alishaweza, na baada ya wiki chache rudisha kazi ilipoishia.

Mtoto mwenye ulemavu anafuata njia hii hii kwa vipande vidogo zaidi na muda mrefu zaidi, ikiwezekana pamoja na mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku. Hatari kubwa kwake ni huruma: watu wanamfanyia hata yale ambayo angeyaweza.

Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi vya kutosha. Mtoto mkubwa, mara nyingi wa kike, anakabidhiwa wadogo zake, jiko na usafi wa watu wote, kisha anasifiwa kwamba anajitegemea. Huyo amebebeshwa majukumu ya wazazi. Kipimo ni rahisi: je, kazi zinamwachia muda wa kusoma, kucheza na kulala? Je, kaka yake naye anafua?

Mwisho, mfundishe kuomba msaada, kwa sababu asiyejua kuomba atazama kimya huku wote wakimsifu. Mzoeshe kuomba kwa ukamilifu: nimejaribu nini, nimekwama wapi, nahitaji nini. Mtoto wa miaka 5 anaweza kusema, "Nimevuta zipu, imekwama hapa, nishikie chini." Na kijana akikupigia simu kutoka mbali akisema maji yanavuja chumbani kwake, usianze kumtafutia fundi. Muulize ameshafunga koki kuu, ameshamwambia mwenye nyumba, na anataka wewe ufanye lipi. Kisha fanya hilo tu.